Nani Alibaki Horini? Kazi ya Mikoko ya Tudor katika Mwaka wa Korona

Barua pepe iliyozua kisa hiki ilifika mapema Aprili 2020, juma lile lile Serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Mombasa. Iliandikwa na shirika la Ulaya lililokuwa mbia wa kikundi kimoja cha wenyeji kinachotunza mikoko katika Hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu hapo Mombasa. Ilikuwa fupi na ya heshima: shughuli zote za nyanjani zisimame, malipo yanayofungamana na shughuli hizo yasimame pia, na hali itazamwe upya baada ya miezi mitatu. Mimi nilikuwa mratibu kati ya pande hizo mbili. Niliandika ripoti, nilifuatilia fedha, nilieleza huku yaliyosemwa kule. Shirika na kikundi nitaviacha bila majina, kwa kuwa kinachohitaji kuchambuliwa ni mpangilio wa kazi, na mpangilio kama ule upo katika miradi mingi ya ardhioevu inayounganisha ufuko wetu na ofisi za ng'ambo.

Kwanza mahali penyewe. Hori la Tudor huanzia Bandari ya Kale, hupita chini ya Daraja la Nyali, kisha hupanuka kuelekea kaskazini-magharibi mpaka Mikindani, Jomvu na Mishomoroni. Mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu humwaga maji na udongo humo. Majitaka ya mitaa humiminika humo pia. Kati ya mwaka 1992 na 2009, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 2014, hori hili lilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake, na jirani yake Mwache likapoteza karibu nusu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilizika mizizi kwa mchanga na tope, na shoka lilifanya yaliyosalia. Kwa hiyo 2020 ilipofika, hatukuwa tunalinda msitu mnene. Tulikuwa tunalinda mabaki, pamoja na miche iliyopandwa na watu wenye subira kubwa kuliko yangu.

Kisheria mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Tangazo la mwaka ule ndilo lililoweka msingi, na sheria ya misitu ya 2016 imewapa wenyeji nafasi ya kushiriki katika usimamizi kupitia vyama vyao. Hata hivyo askari wa msitu ni wachache na hori ni refu. Anayeonekana horini kila siku ni mvuvi, mwokota chaza, na mwanamke anayeishi nyumba ya mwisho kabla ya tope.

Sasa ile barua. Sitaki kuwaonea walioiandika. Walikuwa na hoja za kweli: bima yao haikuwagharamia watu nyanjani, waliogopa kuwapelekea wazee maradhi, na wafadhili wao wenyewe walikuwa wakihamisha fedha kwenda hospitalini. Lakini ndani ya barua kulikuwa na dhana moja ambayo haikusemwa, nayo ni kwamba kazi ikisimama, hali itabaki ilivyo mpaka tutakaporudi. Kwa jengo lililojengwa nusu, dhana hiyo inaweza kukubalika. Kwa ardhioevu iliyo ubavuni mwa mji, haikubaliki hata kidogo. Mlinzi akiondoka, msitu huingia mikononi mwa mtu mwingine siku hiyo hiyo, na hoteli za pwani zilikuwa zimekwisha kufungwa, maelfu ya watu wako nyumbani bila mshahara, na chungu kinahitaji moto.

Kuna jambo la maji ambalo mtu wa ofisini hawezi kulijua asipoambiwa. Hapa Mombasa, siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maana yake ni kwamba kila baada ya wiki mbili kuna alfajiri kadhaa ambapo mtumbwi unaweza kupenya mpaka ndani kabisa ya msitu, mahali ambapo mchana maji yakipwa utazama magotini. Mkataji huingia na maji, hukata, hupakia, na maji yanapoanza kupwa hutoka nayo kuelekea nje. Hapigi kasia kwa nguvu wala haachi nyayo.

Kafyu ilianza 27 Machi 2020, kutoka saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ya kwanza polisi waliwapiga watu waliokuwa wakingoja feri Likoni, na picha zikaenea kila mahali. Baada ya hapo hakuna kijana wa kikundi aliyethubutu kukaa kwenye mdomo wa mkondo wakati wa usiku, kama walivyozoea kufanya siku za bamvua. Saa ambazo msitu ulikuwa hatarini zaidi ziliangukia zote ndani ya saa za kafyu. Amri iliyowekwa kwa ajili ya afya ya watu, na iliyokuwa na sababu zake, ilikuwa imemfungia mlinzi ndani na kumwachia mwizi maji.

Kikundi kilikutana chini ya mti, watu wachache, barakoa usoni, wakakaa mbalimbali. Bi Mwenyekiti alisikiliza barua nikiisoma, akauliza swali moja: “Hawa wanasema wao wasije, au wanasema sisi tusitoke majumbani mwetu?” Swali hilo ndilo lililopasua jambo zima. Barua ilikuwa imeziweka safari ya mtaalamu kutoka Ulaya, warsha ya watu hamsini hotelini, na mama mmoja kumwagilia miche hatua chache kutoka mlangoni mwake, zote katika fungu moja la shughuli za nyanjani.

Jibu tulilolituma lilizigawa kazi upya kwa kipimo cha umbali na idadi ya watu. Kazi yoyote inayoweza kufanywa na mtu anayefika kwa miguu, mahali pa wazi, akiwa na wenzake wawili au watatu, iendelee. Inayohitaji gari, feri, ukumbi au ndege ingoje. Ukiitazama orodha iliyotokana na kipimo hicho utaona jambo: karibu kila kilichoendelea kilikuwa kazi iliyolipwa kidogo, na karibu kila kilichongoja kilikuwa na sehemu kubwa ya bajeti. Mbia wetu alikubali baada ya majuma kadhaa ya barua za kwenda na kurudi. Katika majuma hayo kikundi kilitumia akiba yake, fedha za asali na kaa, kuwalipa watu wake. Fedha hizo zilirudishwa baadaye, lakini lazima isemwe wazi kwamba kiungo kilichoshikilia mradi wa kimataifa wakati ule kilikuwa sanduku la akiba la mtaa wa Mombasa.

Ulinzi ulibadilishwa kabisa. Kama huwezi kumngoja mkataji msituni usiku, basi mngoje pale anapolazimika kufika asubuhi. Mbao za mikoko hazina njia nyingi za kutoka: zitashushwa kwenye diko fulani, zitapandishwa mkokoteni, zitafika kwa muuzaji anayezipanga kwa unene, fito huku, pau kule, boriti peke yake. Wanawake wanaoishi ukingoni walisikia makasia usiku wakapiga simu. Saa kumi na moja kafyu ilipoisha, wawili watatu walikuwa tayari dikoni. Hawakumkamata mtu, hiyo si kazi yao. Waliandika, walipiga picha, walimwita askari wa msitu. Wauzaji wawili wa boriti walianza kukataa mzigo usiojulikana ulikotoka, kwa sababu walijua unatazamwa. Kwa maoni yangu njia hii ni bora kuliko doria ya zamani hata katika miaka ya amani, ingawa haimsaidii mkoko uliokwisha kuanguka.

Visiki vilitufundisha zaidi. Baada ya kila bamvua vijana waliingia maji yakipwa, saa nne asubuhi, wakavitazama vilivyokatwa. Kisiki cha mkoko ulionyooka, kimekatwa kwa msumeno, na minene iliyopinda imeachwa, hicho ni cha mfanyabiashara anayetafuta boriti. Matawi ya mchu, aina nyingine ya mikoko, yaliyokwanyuliwa na panga butu, karibu na nyumba, hizo ni kuni za kupikia. Mwezi wa Mei aina ya pili iliongezeka machoni mwetu kuliko ya kwanza, na hilo lilieleweka: ujenzi ulikuwa umepungua, njaa haikupungua. Matukio haya mawili yakiandikwa katika ripoti kama “ukataji haramu” tu, utatuma dawa moja kwa maradhi mawili.

Kijana mmoja alimkuta jirani yake, aliyekuwa mhudumu wa hoteli, akiwa na mzigo wa matawi. Akaja kuuliza, “Bi Mwenyekiti, huyu tumpeleke kwa askari wa msitu?” Bi Mwenyekiti akamjibu, “Mwanangu, hoteli imefungwa na ana watoto ndani. Mwambie kesho aje kitaluni.” Alikuja. Alijaza tope kwenye viriba, vifuko vya kuoteshea miche, pamoja na wengine kadhaa waliopoteza kazi, wakalipwa kwa wiki. Fedha zilitoka katika fungu la warsha zilizofutwa, na kumshawishi mhasibu wa ng'ambo akubali uhamisho huo kulichukua muda kuliko inavyostahili.

Malipo yenyewe yalipata bahati. Kuanzia Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, na nafuu hiyo ikadumu mpaka mwisho wa mwaka. Tukawa tunalipa vidogovidogo bila kukatwa. Ujumbe wa simu ukachukua nafasi ya karatasi za mahudhurio zenye sahihi, ambazo kwa miaka mingi zilimlazimu kila mtu kukusanyika mahali pamoja ili alipwe.

Kitalu nacho kilihitaji mtu kila siku. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kuning'inia, hauna haja ya kitalu. Mbegu yake ndefu ikikomaa huchomekwa moja kwa moja topeni. Lakini mchu, mkandaa na mlilana, aina nyingine za mikoko, huoteshwa kwenye viriba, na vikiachwa wiki mbili bila mtu, kaa na mbuzi watavimaliza. Masika yale kitalu hakikufa. Hilo halikutokana na mpango wowote ulioandikwa. Kilikuwa kimejengwa nyuma ya nyumba za watu.

Hapa niseme kuhusu picha. Katikati ya mwaka mbia alianza kuomba picha za upandaji na idadi kubwa ya miche, kwa kuwa wafadhili wake walitaka kuona kwamba kazi ipo hai. Ombi hilo nalielewa, lakini lina hatari. Tope tupu lililo wazi kuelekea maji makuu linapendeza kwenye picha, na mkoko hupandwa kwa urahisi na kwa haraka, kwa hiyo kishawishi ni kuujaza mkoko pale. Mahali hapo kwa kawaida ni pa mlilana. Mkoko huja nyuma yake, na mkandaa na mchu nyuma zaidi kuelekea nchi kavu. Mkoko ukipandwa mbele husombwa au hufunikwa na viumbe wa magamba wanaong'ang'ania shina changa mpaka life. Wazee walikataa. Tulituma idadi ndogo, pamoja na maelezo ya nini kilipandwa wapi na kwa nini. Ripoti ile ilikuwa na picha mbaya, na naiheshimu kuliko zote nilizowahi kuandika.

Wapo waliopendekeza setilaiti zishike nafasi ya miguu. Picha za bure za Sentinel-2 hupatikana kila baada ya siku 5 hivi, na mfumo wa Global Mangrove Watch, ambao Wetlands International, shirika la kimataifa la ardhioevu, ni miongoni mwa wanaouendesha, huonyesha mabadiliko ya mikoko duniani kote. Tulizitumia kwa shukrani. Ila masika huleta mawingu, na picha hizo hazioni chini ya wingu. Kisha doa moja la picha ni mita 10 kwa 10. Mtu akichomoa boriti moja hapa na nyingine pale, majani ya juu hubaki yameungana na setilaiti itasema msitu ni mzima. Ukataji wa Tudor kwa sehemu kubwa ni wa namna hiyo, wa kuchagua. Chombo kinachotazama kutoka angani kinaona jeraha likishakuwa kubwa. Panapochunwa kidogokidogo panahitaji mtu aliyesimama topeni.

Wakati huo huo ngazi za juu zilikuwa na mkwamo wao. Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu, uliotiwa saini Iran tarehe 2 Februari 1971 na ambao Kenya ilijiunga nao 1990, ulikuwa umepanga mkutano wake wa 14 wa nchi wanachama ufanyike Wuhan mwaka 2021. Ulifanyika Novemba 2022, Wuhan na Geneva kwa pamoja. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu bahari, ambao Kenya ilikuwa mwenyeji pamoja na Ureno, ulihama kutoka Juni 2020 hadi katikati ya 2022 huko Lisbon. Katika kipindi hicho cha kungoja ndipo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Agosti 2021, lilipoitambua rasmi 2 Februari kuwa Siku ya Ardhioevu Duniani. Diplomasia iliweza kungoja miaka miwili na kuokota kazi pale ilipoiacha. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi.

Tudor halimo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maeneo sita ya Kenya ni maziwa ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita, pamoja na Delta ya Mto Tana iliyoongezwa 2012. Lakini mkataba huo unazitaka nchi kutumia kwa busara ardhioevu zote zilizomo mipakani mwao, na tafsiri yake ya ardhioevu inafika mpaka maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 yanapokupwa. Hori letu limo ndani ya tafsiri hiyo lote, na tope lake, na majitaka yake.

Nikitafuta kwa nini barua moja tu iliweza kutikisa kazi ya miaka, naishia kwenye sentensi ile ya malipo. Fedha zetu zilifungwa kwenye shughuli: safari, warsha, siku ya kupanda. Shughuli ikifutwa, fedha zinakauka, hata kama mti bado umesimama na bado unahitaji mlinzi. Linganisha na Gazi, ng'ambo ya Likoni katika Kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, mwaka 2013 chini ya kiwango cha Plan Vivo, kwa msitu wa hekta 117, na huuza kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Uuzaji hushughulikiwa na shirika dogo lililosajiliwa Scotland, na wanavijiji wa Gazi na Makongeni ndio huamua fedha ziende wapi, kwenye maji au shule. Kule msingi wa malipo ni msitu kuwepo. Nao una masharti yake, vipimo na ukaguzi, na bei ya kaboni ina mashaka yake. Sipendekezi kila hori liingie soko hilo, na mabaki ya Tudor huenda hayatoshi. Lakini kanuni ya kulipia hali ya msitu ingetusaidia sana Aprili 2020.

Tulipoteza pia, na nisifiche. Vipande vya kudumu vya kupimia miti havikupimwa kwa wakati wake. Mti wa mikoko hupimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3, na mkoko wenye mizizi ya kuning'inia hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Vijana wetu wanajua hayo vizuri. Ila ramani za vipande na rekodi za miaka ya nyuma zilikuwa kwenye kompyuta ya mtaalamu aliyekuwa amekwama nje ya nchi. Wanavijiji walikuwa na ujuzi bila karatasi, yeye alikuwa na karatasi bila msitu. Vipimo vilichukuliwa mwaka ulipokuwa unakwisha, na pengo la 2020 litabaki katika kila mchoro utakaochorwa kuhusu hori hili. Shule zilifungwa Machi na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021, hivyo na vikundi vya wanafunzi vilikwisha, baadhi havijafufuka.

Mkataba mpya kati ya kikundi na mbia uliandikwa baada ya hapo. Rekodi zote sasa zina nakala Mombasa. Sehemu ya fedha za kila mwaka huwekwa katika akaunti ya kikundi kwa ajili ya ulinzi na kitalu, na haiwezi kusitishwa kwa sababu ya kufutwa kwa safari au warsha. Uhamisho kutoka fungu moja kwenda jingine wakati wa dharura huamuliwa na kamati yenye wenyeji wengi kuliko wageni. Ripoti za mwezi hupokelewa kwa sauti, kwa Kiswahili, na mbia ndiye hugharamia kuandikwa kwake.

Lililobaki ni la usiku. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, na mpaka siku hiyo walinzi wa hori hawakuwahi kupata kibali cha kutoka alfajiri za bamvua, ingawa madereva wa malori na wachuuzi wa sokoni walikuwa na vyao. Kikundi kimeandika ombi kwamba walinzi wa jamii wanaotambuliwa na chama cha msitu wawekwe katika orodha ya watoa huduma muhimu kabla ya dharura nyingine, vibali viandikwe kwa majina, na vishikwe na ofisi ya msitu iliyo karibu badala ya kuombwa Nairobi. Ombi hilo halijajibiwa.